"Inchi Moja na Nusu": Zana za Kukunja Mabomba na Uundaji wa Vizimba vya Kinga vya Magari katika Gereji za Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua zana zinazotumika kukunja, kukata na kuunga mabomba ya kizimba cha kinga cha gari, kwa kurejelea mazingira ya gereji za Mbeya na Iringa. Hoja yake ni kwamba ubora wa mkunjo huamuliwa na ulinganifu wa kalibu na bomba kuliko nguvu ya mashine, na kwamba ulinganifu huo huharibiwa mara nyingi na jina moja la kipimo linalobeba vitu viwili tofauti.

1.0 Utangulizi

Kizimba cha kinga ni kiunzi cha mabomba ya chuma kinachofungwa ndani ya gari ili, litakapopinduka, paa lisiwalalie waliomo. Mafundi hukiita rolikeji, na katika mazungumzo ya haraka keji tu. Makala haya yanatumia kizimba cha kinga, au kizimba kwa kifupi, kwa kuwa neno hilo tayari lina maana ya kitu kilichozungushiwa nguzo au fito, na msomaji hana haja ya kufundishwa upya.

Haja ya kiunzi hicho katika Nyanda za Juu Kusini haitokani na michezo pekee. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupanda milima ya Kitonga kabla ya kufika Iringa, na ikishapita Mbeya huteremka Iwambi kuelekea Mbalizi. Magari madogo hupita huko yakiwa yamebanwa na malori. Magari yanayowapeleka watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hukatwa au kuinuliwa paa, na kila nguzo inayoondolewa hupunguza uimara ambao mtengenezaji aliukusudia. Iringa, kwa upande wake, imekuwa mwenyeji wa mashindano ya mbio za magari. Michezo hiyo si migeni katika ukanda huu: mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Utafiti wa uzamivu uliozaa makala haya unahusu istilahi za mafundi chuma. Mtafiti aliingia gerejini akitafuta maneno; hakukusudia kujifunza kukunja bomba. Hata hivyo, haikuchukua muda kubainika kwamba istilahi ya fundi haiwezi kuchambuliwa na mtu asiyejua kitu kinachotajwa, na kwamba baadhi ya makosa yanayoonekana kuwa ya mikono chanzo chake ni ulimi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya makala ni maelezo ya zana zenyewe. Msomaji wa isimu anaombwa avumilie milimita.

2.0 Bomba lenye jina moja na miili miwili

Kanuni zinazorejelewa na wengi katika ujenzi wa vizimba ni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), hususan kifungu cha 253 cha Kiambatisho J. Kanuni hizo hutaka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye uwezo wa kuhimili mvuto usiopungua nyutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Tao kuu, yaani lile linalosimama nyuma ya viti vya mbele na kuvuka upana wa gari, linapaswa kuwa la kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2. Sehemu nyingine zaweza kuwa za 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Vipenyo vyote hivyo ni vya nje.

Katika maduka ya vyuma, mnunuzi hukutana na koo mbili za mabomba. Ukoo wa kwanza ni wa mabomba ya maji na mvuke, meusi au yaliyopakwa zinki, ambayo hutajwa kwa ukubwa wa tundu lake la ndani, tena kwa makadirio. Ukoo wa pili ni wa mabomba ya samani, yale ya vitanda, viti na mageti mepesi, ambayo hutajwa kwa kipenyo cha nje. Bomba la maji la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3. Bomba la samani la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 38.1. Tofauti ni milimita 10 na ushee, na jina ni lile lile.

Tofauti haiishii hapo. Bomba la maji la daraja la kati lenye ukubwa huo lina unene wa milimita 3.2, ilhali la samani mara nyingi halizidi milimita 1.5. Yote mawili, kwa kawaida, yameundwa kwa bamba lililoviringishwa na kuchomelewa mshono. Hakuna linalokidhi sharti la kutokuwa na mshono. Wapo mafundi wanaotetea bomba la maji kwa hoja ya uzito, na ni kweli kwamba mita moja ya bomba la 48.3 kwa 3.2 ina takriban kilo 3.6, wakati mita ya bomba la 45 kwa 2.5 ina kilo 2.6. Lakini uzito si ushahidi wa uimara wa chuma. Bomba la maji liliundwa lihimili msukumo wa kimiminika kilichomo. Pigo la kutoka nje halikuwa katika hesabu zake. Lililopakwa zinki lina hatari ya ziada: likichomelewa hutoa mafusho yanayomletea mchomeleaji homa, na zinki inayochemka huacha matundu ndani ya muungo.

Katika gereji moja jijini Mbeya, ambayo haitatajwa hapa, mtafiti alishuhudia pikapu ikitayarishwa kwa mashindano. Mwenye gari alikuwa ameleta bomba la inchi moja na nusu. Gereji ilikuwa na mashine ya haidroliki ya kukunjia mabomba, yenye kalibu zilizochorwa namba, na moja ilikuwa imeandikwa 1½. Kijana akaipachika, akapampu, na bomba likaanza kupinda vizuri kwa nyuzi chache. Kisha likabonyea ghafla katikati kama mrija wa soda uliokunjwa na mtoto. Akaleta kipande kingine. Kikabonyea vile vile. "Mwalimu," akamwambia mtafiti, "mashine nzima, bomba jipya. Sasa mchawi nani?" Fundi mkuu, ambaye alikuwa chini ya gari jingine akisikiliza, alitoka akiwa na kalipa. Akapima bomba, akapima mfereji wa kalibu, akamwonyesha kijana namba mbili bila kusema neno.

3.0 Kinachotokea bomba linapokunjwa

Bomba likikunjwa, upande wake wa nje huvutwa na kuwa mwembamba, na upande wa ndani hubanwa. Chuma kilichobanwa hutafuta pa kwenda: kikikosa kizuizi hujikunyata na kufanya makunyanzi, au mduara hubonyea ukawa yai. Mduara ndio unaolipa bomba uimara wake. Bomba lililobonyea limepoteza uimara mahali pale pale ambapo tao la kizimba hupokea pigo, kwa sababu mikunjo ya tao kuu iko kwenye pembe za juu, na gari linalopinduka huanza kugusa ardhi kwa pembe.

Kazi ya kalibu ni kuuzuia mduara usitanuke ubavuni. Mfereji wake lazima uukumbatie ubavu wa bomba. Bomba la milimita 38.1 likiwekwa katika mfereji wa milimita 48.3 hubaki na nafasi ya milimita 5 kila upande, na chuma huitumia nafasi hiyo yote. Kwa ukweli, kisa cha pikapu kilikuwa chepesi, kwa kuwa kosa lilijitangaza lenyewe. La kuogopwa zaidi ni bomba la milimita 45 katika kalibu hiyo hiyo. Nafasi ni milimita 1.65 kila upande. Bomba halikunjani, linalala kidogo tu, na likishasuguliwa na kupakwa rangi hakuna abiria atakayejua.

Kanuni za FIA hutaka mkunjo ufanywe bomba likiwa baridi, nusu kipenyo ya mkunjo ikipimwa katika mstari wa kati wa bomba isiwe chini ya mara tatu ya kipenyo chake. Kwa bomba la 45, hiyo ni milimita 135; kwa la 38, milimita 114. Uso wa mkunjo uwe laini, bila mawimbi wala nyufa.

4.0 Zana za kukunja

Njia kongwe ni ya mchanga na moto. Bomba hujazwa mchanga mkavu uliochekechwa, hugongwagongwa ili mchanga ushuke, huzibwa ncha zote mbili, kisha hupashwa moto na kukunjwa kuzunguka kigogo au chuma kilichokitwa. Mchanga unashika ukuta wa bomba kwa ndani, jambo ambalo kalibu hulifanya kwa nje. Ni mbinu yenye akili nyingi na imetengeneza mageti na vishikio vingi katika nchi hii. Kwa kizimba, haifai. Chuma kilichovutwa baridi hupata sehemu ya nguvu yake kutokana na kule kuvutwa, na moto mwekundu huirudisha nyuma. Fundi asiyekausha mchanga vizuri hujihatarisha mwenyewe pia: unyevu hugeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, na kizibo hutoka kama risasi.

Zana inayopatikana kwa wingi zaidi ni mashine ya haidroliki ya kusukuma. Jeki husukuma kalibu katikati ya bomba huku roli mbili zikilizuia kwa pande. Mafundi huisifu kwa tani zake, na wauzaji huitangaza kwa tani zake, nayo kweli haichoki. Lakini iliundwa kwa ajili ya mafundi bomba. Kalibu zake hufuata ukoo wa kwanza: iliyoandikwa 1¼ ina mfereji wa bomba la milimita 42.4, iliyoandikwa 1½ ni ya 48.3, na iliyoandikwa 2 ni ya 60.3. Hakuna ya 38, hakuna ya 45, hakuna ya 50. Zaidi ya hayo, roli zake hushika bomba mahali padogo, kwa hiyo hata bomba linalolingana na kalibu, likiwa na ukuta mwembamba, huweza kubonyea pale roli zinapolikandamiza.

Mashine ya roli tatu hulipitisha bomba tena na tena, kila mara ikiongeza mgandamizo kidogo. Inafaa kwa matao mapana, kwa mfano ya mahema ya pikapu au ya paa la banda. Haiwezi kutoa pembe fupi ya tao kuu.

Iliyokusudiwa hasa kwa kazi hii ni mashine ya kuzungusha. Bomba hukazwa kwenye kalibu ya duara. Kalibu huzunguka ikilivuta bomba, na kishikizi cha upande wa pili, chenye mfereji wa kipimo hicho hicho, hulisindikiza hadi mahali panapokunjwa. Kwa hiyo bomba hukumbatiwa pande zote wakati wote linapopinda. Mashine hii huweza kuendeshwa kwa mkono kwa kutumia wenzo mrefu na meno ya kuzuia kurudi, au kwa jeki ile ile ambayo gereji tayari inayo. Hapa ndipo inapoonekana kwamba nguvu si tatizo. Fremu ya mashine ni mabamba mawili manene, pini na matundu, na fundi mzuri wa kuchomelea huiunda mwenyewe. Kinachomshinda ni kalibu, kwa sababu kalibu haichomelewi, hukerezwa.

Kwa bomba la 45, kalibu ni sahani nene ya chuma yenye kipenyo cha milimita 270, iliyochimbwa ukingoni mfereji wa nusu duara wenye nusu kipenyo ya milimita 22.5. Ni kazi ya mkerezaji mwenye mashine kubwa kiasi na subira. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa mwaka 1973, lina shughuli Mbeya na Iringa, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko jijini humo. Ukerezaji si ufundi usiojulikana katika mikoa hii. Kwa maoni ya mtafiti, gereji tatu au nne zikichangia kalibu mbili, ya 45 na ya 38, zitakuwa zimefanya jambo la maana kuliko kila moja kununua jeki ya tani zaidi. Mchango wa namna hiyo una ugumu wake, kwani zana ya watu wengi haina mlinzi, lakini kalibu haiharibiki upesi kama ilivyo grenda ya kuazimana.

5.0 Vipimo kabla na baada ya mkunjo

Makosa mengi ya urefu hutokana na kuhesabu pembe kana kwamba ni kona ya mraba. Mkunjo wa nyuzi 90 wenye nusu kipenyo ya milimita 135 hutumia milimita 212 za bomba, ilhali njia ya kona ingetumia 270. Fundi asiyeondoa hizo 58 kwa kila mkunjo atapata tao pana kuliko gari. Tao kuu huruhusiwi kuliunga vipande. Linapaswa kuwa bomba moja lisilokatwa. Ukikosea, umepoteza bomba zima.

Chuma nacho kina kumbukumbu: kikiachiwa hurejea nyuzi chache. Kiasi cha kurejea hutofautiana kwa bomba na bomba, kwa hiyo dawa ni kukunja kipande cha majaribio kutoka katika bomba lile lile na kuandika tofauti chaki haijafutika. Zana zinazohitajika hapa ni za bei nafuu: kipimapembe, pima maji, timazi, utepe wa kupimia, na sakafu iliyonyooka ya kuchorea tao kwa ukubwa wake halisi. Gereji nyingi hazina sakafu ya namna hiyo. Bamba la mbao lililolazwa chini hutosha.

Baada ya mkunjo, kalipa hurudi. Kanuni hutaka kipenyo kidogo cha mkunjo, kikigawanywa kwa kipenyo kikubwa, kisipungue 0.9. Bomba la 45 lililolala likawa na 43 kwa 46.5 lina uwiano wa 0.92, nalo linapita. Lililofikia 42 kwa 47.5 lina 0.88, na mahali pake ni kwenye chakavu, hata kama mwenye gari amesimama mlangoni na mashindano ni Jumamosi. Hesabu hii inahitaji kalipa na simu ya mkononi. Ni ajabu kwamba zana ndogo kuliko zote gerejini ndiyo yenye mamlaka ya kukataa kazi ya zana kubwa kuliko zote, na kwamba ndiyo aghalabu huwa imefungiwa kabatini.

6.0 Kukata na kuchomelea

Bomba linalokutana na bomba jingine lazima ncha yake ikatwe kwa mbonyeo unaolikumbatia lile la pili. Msumeno wa duara unaofungwa kwenye keekee, ukiongozwa na kishikizi chenye kuweka pembe, hutoa mbonyeo safi kwa dakika chache. Asiyekuwa nao hutumia karatasi iliyokatwa umbo na kuzungushiwa bomba, chaki, grenda na tupa. Matokeo huwa sawa iwapo fundi hataki njia ya mkato; njia ya mkato hapa ni kuacha pengo na kulijaza kwa kuchomelea. Muungo uliojazwa hupendeza machoni, lakini chini yake mabomba hayajagusana.

Kuchomelea kunatakiwa kuzunguke bomba lote na kupenya ukuta wote. Kanuni hupendelea mashine za tao lenye hewa kinga, kama MIG na TIG. Gereji nyingi zina mashine ya vijiti, na mchomeleaji hodari anaweza kupata mpenyo mzuri kwayo. Lakini vijiti vya aina ya 7018, vinavyosifiwa kwa uimara, hunyonya unyevu wa hewa na kuuingiza katika muungo kama hidrojeni, ambayo huleta nyufa saa kadhaa baada ya kazi kukamilika. Katika ukungu wa Mufindi au masika ya Mbeya, pakiti iliyofunguliwa na kuachwa juu ya meza ni tatizo. Vijiti hivyo huhitaji kuokwa na kuhifadhiwa pakavu.

Upo ugumu mmoja ambao kila anayeunda kizimba hukutana nao: upande wa juu wa miungo uko karibu na paa kiasi kwamba mkono wenye kijiti haupiti. Ndipo baadhi ya vizimba huchomelewa upande unaoonekana tu. Suluhisho la mafundi wa mashindano ni kutoboa sakafu mahali pa miguu, kukishusha kizimba kupitia matundu hayo, kuchomelea juu, kisha kukiinua na kukikalisha juu ya bamba zake. Wengine huondoa paa. Bamba za mguu wa tao kuu zinapaswa kuwa na unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, mfano 10 kwa 12, zikifungwa kwa bolti tatu au zaidi za M8 za daraja la 8.8. Sakafu iliyoliwa na kutu haisaidiwi na bamba lolote.

Kwa magari ya watalii na ya familia kuna tahadhari nyingine. Kizimba kiliundwa kwa mtu aliyevaa kofia ngumu na mkanda wa mabegani. Asiyekuwa navyo anakaa karibu na nguzo ya chuma ambayo kichwa chake kitaigonga katika ajali ndogo, ambayo pasipo nguzo hiyo ingemwacha na michubuko. Sponji ngumu ya kufunika mabomba hupunguza hatari hiyo, haiiondoi. Yale mabomba ya kung'aa yanayofungwa nyuma ya kabini za pikapu hayahusiki na mjadala huu kabisa, kwani ni mapambo.

7.0 Jina la kipimo

Kwa mtazamo wa istilahi, tatizo la sehemu ya 2.0 halitatuliwi kwa kubuni neno jipya. Mafundi wanayo maneno nje, ndani na unene, na huyatumia kwa usahihi wakiulizwa. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatamka wakati wa kuagiza na wakati wa kuchagua kalibu. "Inchi moja na nusu" haijakamilika kama kipimo hadi isemwe ni ya nje au ya ndani, na ukuta ni milimita ngapi. Katika gereji iliyotajwa, fundi mkuu alipiga msasa kalibu zake zote na kuandika upya kwa rangi nyeupe: N, kwa maana ya nje, ikifuatiwa na milimita. Ile ya 1½ sasa inasomeka N 48.3. Bomba la samani lilirudishwa dukani, isipokuwa vipande viwili vilivyobonyea, ambavyo vimetundikwa ukutani juu ya mashine. Pikapu ilikuwa bado imesimama uani mtafiti alipoondoka, ikisubiri bomba la 45 kutoka Dar es Salaam na kalibu kutoka kwa mkerezaji.